Msumeno na Kijitaa cha Manjano

Mwenye bucha ya karibu na kituo cha mafuta aliitwa Msumeno, na hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Wageni walidhani jina lilitokana na ule msumeno wa mifupa ulioning'inia juu ya gogo lake la kukatia nyama, lakini jina lilikuwa limezeeka kuliko bucha. Alilipata ujanani kwa sababu hasira zake zilikata mbele na nyuma. Aliyegombana naye alipigwa, na aliyekuja kuamua ugomvi naye akapata fungu lake.

Katika saa zake njema hakuwa na mfano. Aliimba akikata. Alimwongezea bibi kizee mfupa wa supu bila kuombwa, akamwambia, "Nyama laini hii bibi, hata ukimpa babu akiwa usingizini ataitafuna." Lakini akichafuka, alichafuka kweli. Kuna mteja aliyethubutu kusema kwamba nyama inanuka, na kabla hajalimaliza neno alikuwa amepigwa na paja zima la mbuzi, akaanguka kifudifudi kwenye mfereji wa maji machafu. Mtaa ulicheka wiki nzima. Aliyepigwa hakucheka, maana sikio lake la kushoto halikusikia tena vizuri.

Baba yake Msumeno alikuwa msimamizi wa mashine ya kusaga nafaka, na mkanda mkuukuu wa mashine hiyo ndio uliomlea mtoto. Alipigwa kwa kuchelewa, akapigwa kwa kuwahi. Siku moja alipigwa kwa sababu mvua ilinyesha unga ukalowa, kana kwamba mawingu ameyaita yeye. Alikua akijua kwamba duniani kuna anayepiga na anayepigwa, na hakuna kiti cha tatu. Misuli ilipomjia, akachagua kiti chake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye maneno ya haraka, na walikuwa na mabinti wawili. Milango yote ya nyumba ile ilikuwa na majeraha. Wa chumbani ulikuwa na tundu la ngumi ambalo mke aliliziba kwa kalenda, na wa jikoni ulining'inia kwa bawaba moja. Kwa muda mrefu milango ndiyo iliyobeba mzigo. Kisha jioni moja, kwa neno ambalo baadaye hakuna hata mmoja wao aliyelikumbuka, mzigo ukahama kutoka mlangoni ukamwangukia mke. Msumeno alimpiga mpaka akamvunja ubavu, mabinti wakiwa wamejikunyata chini ya meza ya cherehani, mkubwa amemziba mdogo masikio.

Kesho yake alikuja kaka wa mke. Huyu alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji mwisho wa barabara ile ile, na watu walimwita Kimya kwa sababu maneno yake yalitoka kwa kijiko. Alikaa, akaomba maji, akanywa, akaiweka glasi chini taratibu.

"Shemeji," alisema, "huyu ni dada yangu wa pekee. Ukimgusa tena, mmoja wetu atazikwa. Ahsante kwa maji."

Akaondoka. Msumeno hakumgusa tena mkewe. Lakini tangu siku hiyo kila alipomwona Kimya alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Mtu humsamehe aliyemkosea. Aliyemwona akikosea ndiye mgumu kusameheka. Wakikutana kwenye misiba na harusi walipeana mikono, wakaulizana hali, na mkono wa Msumeno ukatoka pale umelowa jasho.

Hata hivyo gari lake lilipohitaji servisi alilipeleka kwa Kimya. Angelipeleka wapi? Ukoo ni ukoo, na mtaa mzima ungeuliza kwa nini amemkwepa shemeji yake. Lilikuwa pikapu la zamani lenye sanduku la bati nyuma, ambalo kila alfajiri lilibeba nyama kutoka machinjioni. Halikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa oili na filta basi.

"Usinilipizie kisasi kwenye gari, shemeji," Msumeno alitania, akiegemea ukuta wa matairi makuukuu.

Kimya alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Oili na filta tu. Kaa kivulini."

Akaingia chini ya gari, akamwaga oili chafu, akafunga filta mpya. Akafungua kisanduku cha filta ya hewa, na ili apate nafasi akachomoa plagi ndogo ya waya iliyokaa kwenye bomba la hewa. Akiwa katikati ya kuirudisha, mwenzake alipiga ukelele kule upande wa pili. Giaboksi ilikuwa inamponyoka na kumlalia kifuani. Kimya alikimbia, akasaidia kuinyanyua, akarudi akihema, akabana kisanduku, akashusha boneti. Plagi alikuwa ameichomeka, ila haikuingia mpaka mwisho. Ni kosa ambalo fundi yeyote duniani amewahi kulifanya, na mara nyingi halimgharimu mtu zaidi ya kurudi gereji.

Alfajiri iliyofuata Msumeno alitoka machinjioni na nyama ya siku nzima nyuma. Alipoanza kupanda mlima wa kuelekea mjini, gari likakohoa. Likakosa nguvu, likatikisika, na kwenye dashibodi kikawaka kijitaa cha manjano chenye umbo la injini, kidogo kama punje ya hindi. Hakuwa amekiona kikiwaka hivyo tangu anunue gari. Akalizima gari, akaliwasha tena. Kijitaa kipo. Akaipiga dashibodi ngumi. Kijitaa kipo.

Aligeuza akarudi machinjioni kuomba ushauri, na wa kwanza kukutana naye alikuwa dalali mmoja wa ng'ombe aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimwi na hachagui habari. Redio aliingiza kichwa dirishani, akaitazama taa kama daktari.

"Limetoka wapi hili?"

"Servisi. Jana. Kwa shemeji yangu."

"Ahaa." Redio akavuta hiyo ahaa mpaka ikawa hadithi nzima. "Gari linaingia zima, linatoka na taa. Ndugu yangu, hapo umechomolewa kitu. Wanatoa kizima, wanakuwekea kibovu. Wewe mtu mzima, bado unaibiwa kama mtoto? Tena na shemeji! Huyo si ndiye yule aliyekuja kukutisha ndani ya nyumba yako?"

Msumeno hakujua kwamba habari ile ilikuwa imetoka nje ya kuta zake. Damu ilimpanda masikioni. Pale pale akampigia Kimya simu.

"Gari langu umelifanya nini?"

"Kuna nini?"

"Taa ya injini inawaka! Halina nguvu!"

"Lilete nilitazame. Ni kitu kidogo."

Kwa Msumeno hayo hayakuwa maneno ya kumtuliza. Kitu kidogo! Nyama imejaa nyuma, jua linachomoza, wateja wamejipanga mlangoni, na mtu anamwambia kitu kidogo. Alikata simu. Njiani alipita kwa mnoaji kuchukua shoka lake la kukatia nyama, kama alivyokuwa amepanga tangu juzi, akalitupa kwenye kiti cha pembeni. Mlima aliupanda kwa gia ya kwanza, malori yakimpita na kumpigia honi, na kila honi ikawa kama kibao. Macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye ile punje ya manjano, nayo ilimtazama tu bila kupepesa.

Aliingia gereji kwa kasi hadi mtu mmoja aliyekuwa uvunguni mwa gari akavuta miguu yake ndani kama kobe. Akashuka, aproni yake nyeupe imejaa damu ya machinjioni, shoka mkononi. Baadaye aliapa kwamba hakumbuki kulichukua, na huenda ni kweli.

"Kimya! Toka!"

Kimya alitoka akifuta mikono kwa tambara. Akalitazama shoka, akamtazama usoni.

"Liweke chini hilo, shemeji. Tufungue boneti."

"Umelifanya nini gari langu?"

"Bado sijalitazama."

"Jana lilikuwa zima!"

"Fungua boneti."

Msumeno alivuta kishikizo. Kimya akainua boneti, akainama, vidole vyake vikafuata bomba la hewa mpaka kwenye ile plagi. Ilikuwa inacheza. Akaisukuma kwa kidole gumba. Kach! Mlio mdogo, mkavu, ambao hata aliyekuwa mbali aliusikia.

"Hii hapa," akasema. "Sikuibana vizuri jana. Kosa langu, shemeji. Washa."

Msumeno akaingia, akaliweka shoka juu ya magoti, akawasha. Injini ikaitika vizuri, ikanguruma laini kama zamani. Lakini kijitaa hakikuzimika.

Hapa ndipo balaa lilipokaa. Mafundi wote wanajua kwamba gari la namna hii lina kumbukumbu. Ukishalitibu, taa yake huendelea kuwaka kwa muda, mpaka gari litembee kidogo na kujiridhisha, au lifutwe kumbukumbu kwa mashine. Kwa Kimya lilikuwa jambo la kawaida kama kujua kwamba sufuria huwa moto hata moto ukishazimwa. Hakufikiri kwamba kuna haja ya kulieleza.

"Mbona inawaka?" Msumeno alipaza sauti.

"Itazimika."

"Lini?"

"Yenyewe. Endesha tu."

Penye ukuta wa matairi, mafundi wawili waliokuwa wakinywa chai walicheka. Walikuwa wakicheka mambo yao wenyewe, mmoja ameota ndoto ya kipuuzi na alikuwa akiisimulia. Msumeno alisikia kicheko, akaona taa, akakumbuka ile ahaa ndefu ya Redio, na akamwona shemeji yake ameinama tena juu ya injini, ametulia kama siku ile alipoiweka glasi mezani. Mkono wa kulia wa Kimya ulikuwa umeshika ukingo wa mbele, pale boneti inapojifungia.

Akaliacha shoka kitini, akashuka, akazunguka, akakamata boneti kwa mikono yote miwili na kuiteremsha kwa uzito wa mwili wake wote.

Kimya alikuwa amerudisha kichwa nyuma, lakini mkono haukuwahi. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi nzito kama mtu aliyekaliwa kifuani, akaporomoka, akabaki ananing'inia kwa vidole vyake mwenyewe. Na Msumeno hakuiachia. Aliilalia boneti kwa kifua akipiga yowe, "Inawaka! Inawaka! Umesema itazimika, mbona inawaka?" Mate yalimruka. Fundi mmoja alimvamia kwa nyuma, wakavutana, boneti ikafunguka, na mkono ukatoka ukiwa na vidole ambavyo kila kimoja kilielekea upande wake.

Kimya akautazama mara moja tu. Kisha akainama, akaokota spana ya magurudumu kwa mkono wa kushoto, na kumpiga Msumeno mdomoni.

Waliokuwepo wanasema walimwona Kimya mwingine kabisa. Alikuwa amemngoja shemeji yake kwa miaka, na sasa alidai ubavu wa dada yake na riba juu. Pigo la kwanza lilitoa meno ya mbele. La pili lilivunja mtulinga begani, wakausikia ukivunjika kama kijiti kikavu. La tatu lingeshuka kichwani, na kama lingeshuka hadithi hii ingeishia makaburini. Lakini Msumeno, macho yamejaa damu yake mwenyewe, alikwishafika kwenye kiti cha gari, akalikamata shoka na kulizungusha bila kutazama. Kimya akakinga kwa mkono ule ule uliosagika. Damu iliruka ikaangukia kwenye rejeta, na kwa kuwa injini ilikuwa bado ikinguruma na rejeta ni ya moto, ikachemka kwa sauti.

Mafundi wote wakamwangukia Msumeno kwa vyuma. Barabarani kulikuwa na watu wanaokwenda makazini. Mmoja alichungulia getini, akaona mtu mwenye aproni ya damu na shoka pembeni yake, akapiga ukelele, "Muuaji! Ameua!" Basi. Watu wasiojua kuna nini wala nani ni nani wakamiminika ndani. Kila aliyekuwa na jambo lake lililomsumbua tangu nyumbani alilitoa pale. Mwanamke mmoja aliweka kikapu chake chini, akampiga teke la tumbo, akachukua kikapu chake akaenda zake. Mwanaume mmoja mwenye tai alimponda mgongoni kwa jiwe la kuzuilia gurudumu. Msumeno alijikunja. Harufu ya mkanda wa mashine ya kusaga ikamjia puani, mpira na unga, wazi kabisa, akaanza kusema "Nisamehe baba, nisamehe baba," kwa mdomo usio na meno, na hakuna aliyeelewa.

Kisha mtu akaangusha tairi kutoka kwenye ule ukuta. Likabingirika mpaka miguuni pake, wakamvisha shingoni. "Petroli!" Gereji haikosi petroli.

Kimya alikuwa amekalishwa chini, mwenzake anamfunga mkono kwa shati. Alipoona dumu linapita juu ya vichwa vya watu, alisimama. Hakuna anayejua alipata wapi nguvu. Alijipenyeza kwa bega, akaanguka juu ya Msumeno kifua kwa kifua, tairi katikati yao.

"Ni mume wa dada yangu!" alipiga kelele. "Mkimchoma, nichomeni na mimi! Haya! Mwageni!"

Mafundi wake walikuwa wamefanya naye kazi miaka mingi na hawakuwahi kumsikia akiinua sauti. Waliganda. Mwenye dumu, aliyekwisha kulifungua, alibaki nalo mkononi. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumpokea, hakumpata. Waliokuja mbio wakaanza kuondoka kwa hatua ndogondogo, kila mmoja ghafla amekumbuka kwamba amechelewa kazini. Polisi walipofika waliwakuta wawili wale bado wamelaliana, na ilibidi wawatenganishe taratibu kama watu waliogandana kwa gundi.

Hospitali iliwaweka wodi moja, kwa kuwa vitanda vilikuwa haba, vitanda vyao vikitazamana, na askari katikati anasinzia kwenye kiti. Madaktari walimkata Kimya vidole viwili, vingine wakavinyoosha kadiri walivyoweza. Msumeno alifungwa kifua chote, taya limefungwa waya. Siku ya pili Kimya alisema bila kugeuza kichwa:

"Sikukulalia kwa ajili yako. Sikutaka dada aje kuniuliza uliunguaje, na nikose la kumjibu."

Mke alifika mchana huo. Alianza kwa kaka yake. Alikaa kitandani, akaupakata ule mkono uliofungwa kama anapakata mtoto mchanga. Halafu akavuka kwenda kwa mumewe. Askari alidhani anakwenda kumpa pole. Alivua kiatu kimoja na kuanza kumpiga nacho, kwenye bega lililovunjika, kwenye kifua, kwenye bandeji za kichwa.

"Taa! Kwa ajili ya taa! Taa!"

Muuguzi na askari walimvuta kwa shida, kiatu bado kimeinuliwa. Msumeno alitaka kumwambia kwamba haikuwa taa. Alilijua hilo tayari, akiwa amelala pale, na pengine alilijua hata kabla boneti haijashuka. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa kwa waya, na hata ungekuwa wazi, angesema ni nini basi?

Mahakamani Kimya alieleza kila kitu kama kilivyokuwa, hata kosa lake la plagi, hata spana. Hakupunguza wala hakuongeza. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na hiyo taa, ilizimika?"

Wakatazamana. Askari aliyeliendesha gari kulipeleka kituoni akasimama, akajikohoza.

"Ilizimika, mheshimiwa. Hata sijafika getini."

Minong'ono ikajaa chumba, na nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Sheria ni msumeno, leo amekutana na mwenzake." Alitolewa nje. Msumeno alifungwa miaka mitatu.

Gereza halikumfanya malaika. Siku za mwanzo alipigwa na waliotaka kujua jina lake linakata kiasi gani, naye akawaonyesha. Alimvunja mtu taya kwa ugomvi wa blanketi, akawekwa peke yake gizani. Alipotoka gizani alikaa muda mrefu akimtazama yule mtu akinywa uji kwa mrija, akakumbuka waya zake mwenyewe. Hakumwomba radhi. Alimpelekea blanketi, mwenyewe akalala bila blanketi, na yule mtu akalitemea mate kabla ya kujifunika. Ndivyo ilivyokuwa.

Huko nje, mkewe aliishika bucha. Watu walisema fundi cherehani hawezi kupasua ng'ombe. Alijikata mara kadhaa, akajifunza, na punde wateja wakagundua kwamba anakata nyama kwa mstari ulionyooka kama anakata kitambaa. Aliuza lile pikapu kwa mtu wa mbali. Kimya naye hakuweza tena kushika bolti ndogo, mkono ulikuwa umekakamaa kama ufagio. Ikabidi asimame nyuma ya mafundi wengine na kuwaelekeza: legeza hapo, vuta, siyo hiyo, ya chini yake, na kabla mteja hajaondoka mweleze taa itafanya nini. Mtu aliyeitwa Kimya sasa alisema kutwa nzima mpaka sauti ikamkauka, na jina likabaki kama utani.

Msumeno alipoachiwa hakupokelewa na mtu. Mkewe alimtumia ujumbe kwamba nyumbani hapana nafasi yake. Alipanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, akarudi machinjioni, safari hii kama mbebaji, anabeba mapande ya nyama kwenye bega ambalo halikuunga sawasawa.

Siku moja alikwenda gereji. Alisimama getini mpaka Kimya akamwona.

"Umefuata nini?"

"Kuomba radhi."

Kimya alimsogelea, akamnyooshea ule mkono, karibu kabisa na uso. "Huu hapa. Uombe wenyewe."

Msumeno alipiga magoti kwenye udongo mweusi wa oili, mbele ya mafundi, akautazama mkono. Hakujua mkono unaombwaje radhi. Alikaa hivyo mpaka suruali ikaloa oili magotini.

"Inuka," Kimya akasema mwishowe. "Nenda. Usije tena mpaka nikuite."

Mpaka leo hajamwita.

Redio hakuwa amebadilika. Asubuhi moja machinjioni, mbele ya watu, alimpigia kelele Msumeno aliyekuwa amebeba paja la ng'ombe: "Eeh, Msumeno! Taa yako imezimika, au bado?" Msumeno aliweka paja chini, akanawa mikono bombani, akaja akampiga ngumi moja ya tumbo, Redio akakunjika, akatapika. Watu walingoja ngumi ya pili, kwa kuwa wote walimjua. Haikuja. Msumeno alikwenda kukaa kwenye jiwe nje ya geti, mikono magotini, akisubiri polisi. Alikaa mpaka jua likawa kali. Redio hakushtaki, na hakuna aliyejua kama ni kwa woga au kwa haya. Msumeno akainuka akarudi kubeba.

Siku hizi, mchana wa Jumapili, mkewe humruhusu kuja kuwaona mabinti. Haingii ndani. Huwekewa kiti uani, mlango ukiwa wazi, na mke hukaa dirishani akishona, uso wake ukielekea nje. Mabinti wamekua. Mkubwa hujibu anachoulizwa, hana zaidi. Mdogo, ambaye hakumbuki mengi, huthubutu kidogo: humwonyesha daftari la michoro, humuuliza kwa nini meno yake ya mbele ni ya bandia.

Jumapili iliyopita mdogo alimletea chai. Aliibeba kwa mikono miwili, ulimi umetoka pembeni kwa umakini, na alipofika akajikwaa. Chai yote ya moto ikammwagikia Msumeno mapajani, kikombe kikavunjika kwenye sakafu.

Cherehani ikanyamaza. Yule mkubwa alikuwa mlangoni. Kabla kipande cha mwisho cha kikombe hakijatulia, alikuwa amekwisha kuruka, amemshika mdogo wake na kumvuta kifuani pake, mikono yote miwili imemziba masikio. Hakulia. Alimtazama baba yake mikono, siyo uso.

Mapaja yalikuwa yanaungua. Msumeno alibaki ameketi. Taratibu, ili kila mmoja aone, alichukua mikono yake, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia.

"Ni chai tu," alisema. "Ni chai tu, mwanangu."

Binti mkubwa hakuondoa mikono masikioni mwa mdogo wake. Dirishani, mke alikuwa amesimama na mkasi mkononi. Msumeno akaendelea kukaa, akisubiri, na yule mdogo bado amezuia pumzi.